Muuguzi aliyesomea wagonjwa mahututi aachwe ICU

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumze na wanaopanga watumishi wa afya, kuanzia Wizara ya Afya na Utumishi hadi Mganga Mfawidhi wa hospitali yoyote ya mkoa. Nina jambo moja tu. Muuguzi tuliyempa ruhusa ya miaka miwili kwenda kusomea shahada ya uzamili, iwe ya wagonjwa mahututi, ukunga, afya ya akili au uongozi, akirudi apewe kazi aliyoisomea. Mamlaka yake yaandikwe, na cheo kimfuate akiwa pale pale kwa mgonjwa.

Nilianza kazi nikiwa muuguzi daraja B, enzi ambazo bado tunavaa kofia nyeupe. Nikajiendeleza polepole hadi shahada, nikastaafu nikiwa matroni wa hospitali moja ya rufaa Kanda ya Ziwa. Sitaitaja hospitali hiyo. Najua wenzangu wa mikoa mingine wakisoma haya watadhani nimeisema ya kwao.

Nilikuwa na binti mmoja chini yangu, afisa muuguzi mwenye shahada ya kwanza. Wagonjwa wakimwita Sista, mimi nikimwita mwanangu, naye akiniita Mama. Aliomba ruhusa ya masomo, akaenda Muhimbili kusomea uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Alimwacha mume na watoto, na sehemu ya ada aliilipa kwa mkopo wa benki ambao bado unakatwa kwenye mshahara wake.

Aliporudi nilimpanga ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, siku hiyo hiyo, nikamshukuru Mungu kwa wakati aliokuja. Zile fedha za UVIKO-19, trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa mwaka 2021, wengi wanazikumbuka kwa madarasa, lakini zilijenga pia majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Na sisi tulipata chumba kipya, vitanda vya umeme, monita, mashine za kupumulia zikiwa bado na nailoni zake. Watu wa kuzitumia ndio walikuwa wachache, na wengi wao walichokuwa nacho ni semina ya siku chache.

Usiku mmoja nikiwa kwenye ukaguzi nilimkuta kwenye kitanda cha kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa. Kijana yuko kwenye mashine, kengele inalia, oksijeni mwilini inashuka. Muuguzi mdogo wa zamu akanyoosha mkono aizime kengele. Sista akamzuia: "Usiizime. Mwangalie mgonjwa kwanza." Kifua kilikuwa kinainuka upande mmoja tu. Akasikiliza kwa stethoskopu, upande wa kushoto kimya. Akasoma alama za sentimita kwenye mrija wa hewa uliopita mdomoni, akalinganisha na zilizoandikwa kwenye faili asubuhi. Mrija ulikuwa umezama. Ukizama kupita kiasi huelekea pafu la kulia, la kushoto likabaki bila hewa, na mtu asiyejua ataongeza oksijeni kwenye mashine na kusubiri.

Alijua tatizo, na alijua dawa yake ni kuurudisha mrija nyuma kidogo. Kwa utaratibu wetu hakuruhusiwa kuusogeza bila amri ya daktari, na daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji na mama aliyekuwa anajifungua kwa operesheni. Ikabidi mtu akimbie hadi mlango wa upasuaji, simu iwekwe sikioni mwa Dokta aliyevaa glavu, Sista aeleze kwa sentensi tatu. Dokta akajibu, "Rudisha, nakuja." Oksijeni ikapanda mbele ya macho yetu. Namheshimu sana daktari yule kwa jibu lile. Lakini kijana yule alipona kwa sababu simu ilipokelewa, na hilo si jambo la kuliachia bahati wakati mtu anayejua amesimama pembeni ya kitanda.

Kuna watu wanauliza, tena wakubwa, uzamili wa uuguzi ni wa nini, si wakafundishe tu? Nawaomba waangalie wanachosoma. Shahada ya kwanza inampa muuguzi msingi mpana wa kumhudumia mgonjwa wa aina yoyote. Masomo ya uuguzi wa ngazi ya juu, popote yalipokamilika, yamesimama juu ya mambo matatu: jinsi ugonjwa unavyoubadilisha mwili, jinsi dawa zinavyofanya kazi na kugongana, na jinsi ya kumpima mgonjwa kwa macho, mikono na masikio hadi ufikie uamuzi. Juu yake kuna kusoma tafiti na kujua ipi ya kuamini, na kufundisha wengine kazini. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ICN, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka anayefanya kazi kwa ngazi hiyo awe na angalau uzamili. Muuguzi wa namna hii akihesabu pumzi za mgonjwa akakuta 34 kwa dakika, hangoji presha ianguke ndipo aite mtu. Anashuku kwamba maambukizi yameanza kusambaa mwilini, anajua nini kichukuliwe maabara kabla ya antibiotiki kuingia, na anajua saa inakwenda.

Mwaka haukuisha, ikatoka orodha ya mabadiliko ya wodi. Wauguzi wanaosoma barua hii wanaijua. Karibu kila mwaka watu wanazungushwa: wa wodi ya wazazi anakwenda kliniki ya macho, wa watoto anakwenda wodi ya upasuaji, na kadhalika. Utaratibu huu una sababu zake, na nimeusimamia mwenyewe. Watu wachache wanatakiwa wamudu kila mahali, wodi nzito zisiwachoshe watu wale wale, na posho za sehemu fulani zisiwe za wateule. Kwa muuguzi aliyetoka chuoni juzi mzunguko ni shule. Kwa aliyesomea kitu kimoja miaka miwili, ni kumfuta alichosoma. Daktari bingwa wa mifupa hapelekwi kliniki ya macho ili wenzake wasilalamike.

Binti yangu akapelekwa macho. Baadaye akapewa stoo ya vifaa, anagawa glavu, pamba na mashuka, anasaini leja. Nilipinga kikaoni. Nikajibiwa kwamba akiachwa ICU wenzake watasema anapendelewa, na kwamba kwenye karatasi za utumishi yeye ni Afisa Muuguzi kama Afisa Muuguzi mwingine yeyote, uzamili wake hauna kiti chake kwenye ikama ya hospitali, ile orodha ya nafasi za watumishi. Kwa hali ya karatasi tulizokuwa nazo mezani, aliyenijibu alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kugombana na mkubwa mmoja kikaoni hakutoshi, karatasi yenyewe ndiyo inayotakiwa kubadilishwa.

Mashine zilibaki. Wiki moja baada ya kuondoka kwake zilianza kutumika mbili badala ya nne, kwa sababu waliobaki walikuwa hawajiamini na za ziada, na sikuwalaumu.

Leo anafundisha katika chuo cha uuguzi. Ualimu ni kazi njema na vyuo vinawahitaji watu kama yeye, ila hakuondoka kwa kupenda chaki. Aliondoka kwa sababu chuoni uzamili unampa cheo na wodini haumpi kitu. Mhariri, hii ndiyo ngazi yetu ilivyo: kila muuguzi anapopanda hatua moja anamwacha mgonjwa hatua moja nyuma. Anakuwa msimamizi wa wodi, anaandika rosta. Anakuwa matroni, anaandika ripoti. Anakuwa mwalimu, mratibu wa mradi, ofisa wa shirika. Aliye hodari zaidi ndiye anayefika mbali zaidi na kitanda. Usiku wa manane mgonjwa mahututi kuliko wote hospitalini anaachwa na muuguzi mwenye uzoefu mdogo kuliko wote hospitalini, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Wenzetu walishalikabili hili. Marekani, mwaka 1954, Hildegard Peplau alianzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers masomo ya uzamili ya kuandaa wauguzi wabobezi wa magonjwa ya akili, ili muuguzi msomi abaki na mgonjwa. Mwaka 1965 Loretta Ford, muuguzi, pamoja na daktari wa watoto Henry Silver, wakaanzisha Colorado mafunzo ya wauguzi wa kuona, kupima na kutibu watoto katika jamii zisizo na madaktari wa kutosha. Mama Ford alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, ameishi kuona kazi aliyoianzisha ikienea duniani. Kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 kuhusu hali ya uuguzi, asilimia 62 ya nchi zilizojibu zina majukumu ya wauguzi wa ngazi ya juu. Barani kwetu, Botswana imeandaa wauguzi wa afya ya familia wanaotibu wagonjwa kwenye kliniki tangu miaka ya 1980.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani kabisa, Uganda. Mwaka 1993 Dokta Anne Merriman alianzisha Kampala huduma ya kuwafariji wagonjwa wa saratani na UKIMWI waliokuwa wanakufa kwa maumivu. Morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ilikuwa rahisi kutengeneza, ila mwenye ruhusa ya kuiandika ni daktari, na daktari vijijini hakuna. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ikabadilisha kanuni: wauguzi na matabibu waliosomea mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wa namna hiyo, wakaruhusiwa kisheria kuandika morfini ya kunywa. Wala hawakudaiwa wote uzamili. Nautaja mfano huu kwa sababu ya mpangilio wake. Yalipangwa mafunzo yanayojulikana, kisha kikaandikwa kitu kimoja kinachojulikana ambacho aliyehitimu anaruhusiwa kufanya, na kikaandikwa kwenye sheria. Mgonjwa wa saratani kijijini akalala usiku.

Tena sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Kwa miaka mingi madaktari wasaidizi wetu, ambao hawakuwa na shahada ya udaktari, ndio waliofanya operesheni za uzazi wilayani, na maelfu ya Watanzania wako hai kwa mikono yao. Nani aliyekuwa anamlaza mama usingizi kwenye operesheni hizo? Mara nyingi muuguzi aliyesomea kazi hiyo mwaka mmoja, KCMC au kwingine. Hadi leo nenda hospitali ya wilaya uulize mtu wa usingizi, ataletwa muuguzi. Tumemwamini muuguzi azime fahamu za mtu na kuzirudisha. Kwa nini mwenye uzamili asiaminiwe kurekebisha mashine ya kupumulia kwa mwongozo ulioandikwa na kusainiwa na daktari bingwa wa hospitali yake?

Ninachoomba Baraza la Uuguzi na Ukunga lifanye ni kutaja fani hizi kwenye leseni moja moja na kuandika kwa kila fani mambo ambayo mwenye leseni hiyo anaweza kuyaamua mwenyewe. ICU, kwa mfano: kusogeza mrija, kupunguza msaada wa mashine hatua kwa hatua mgonjwa anapopata nguvu, kuagiza vipimo vya damu vya dharura, kupandisha na kushusha dawa ya presha kwenye dripu ndani ya mipaka iliyowekwa. Mkunga mwenye uzamili awe na orodha yake, wa afya ya akili awe na yake. Utumishi nao waweke kiti chake kwenye ikama na ngazi ya mshahara inayopanda bila kumlazimisha kuhamia ofisini.

Kuna madaktari watakaosema tunatafuta udaktari kwa njia ya mkato. Nimefanya kazi na madaktari maisha yangu yote na nawaomba wasilione hivyo. Daktari wa zamu peke yake, mwenye wodi tano na chumba cha upasuaji, anahitaji mtu ICU anayejua lini amwite na lini asimwite. Mwaka 2000 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliogawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,316, wengine waonwe na wauguzi wa ngazi ya juu, wengine na madaktari, katika huduma za kawaida za kliniki. Baada ya miezi sita afya zao zilikuwa zinalingana. 

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya wauguzi wenyewe. Wanasema: Matroni, hatutoshi, zamu ya watu watatu ina mmoja, nawe unataka wengine waende chuo miaka miwili? Hoja hii inaniuma kwa sababu nimeandika rosta hizo. Lakini idadi na elimu havishindani. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Profesa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na punguzo la asilimia 7. Walipima shahada ya kwanza, si uzamili, na Ulaya si Kanda ya Ziwa. Hata hivyo unaona vyote viwili vinakwenda pamoja, na anayekuambia uchague kimoja hajakaa wodini.

Niseme kidogo kuhusu uongozi, kwa maana huko ndiko nilikoishia. Mimi nilipewa umatroni kwa umri na uvumilivu. Nashukuru, lakini hakuna aliyenifundisha bajeti. Kwenye vikao vya menejimenti nilikuwa nasema "wauguzi hawatoshi," na mhasibu anaandika "wauguzi hawatoshi," tunafunga kikao. Aliyekuja kunionyesha namna nyingine ni muuguzi kijana aliyekuwa anasomea uzamili wa uongozi, aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Akachukua karatasi. Wiki ina saa 168, mtumishi anafanya saa 40, ukigawa unapata 4.2. Ongeza likizo ya mwaka, uzazi, ugonjwa na misiba, unafika watano. Kwa hiyo kitanda kimoja cha mashine ya kupumulia, chenye muuguzi wake usiku na mchana, kinadai wauguzi watano, na vitanda vinne ni watu ishirini. Shirika la Afya Duniani lina mbinu kamili ya hesabu za aina hii, inaitwa WISN, na imeshatumika nchini.

Nilipopeleka hesabu hiyo kikaoni, kwa mara ya kwanza mkubwa wetu aliniuliza swali la kurudi: "Na tukifungua vitanda viwili tu kwa sasa?" Tukaanza kuzungumza kama watu wanaopanga. Rwanda wameliona hili: Chuo Kikuu cha Rwanda kilipoanzisha uzamili wa uuguzi mwaka 2015 kwa fani nane, pamoja na wagonjwa mahututi, watoto wachanga, figo na saratani, fani mojawapo ilikuwa uongozi, ufundishaji na menejimenti. Kwetu pia matroni wa hospitali ya rufaa na muuguzi mkuu wa mkoa wachaguliwe miongoni mwa waliosomea kazi hiyo. Uzoefu ubaki sharti, usiwe sharti pekee.

Sheria na miundo huchukua muda, naelewa. Lakini mahafali ya vyuo vyetu vya afya huwa mwishoni mwa mwaka, na wahitimu wa uzamili wanaripoti kwa waajiri wao wiki chache baadaye. Mganga Mfawidhi na Matroni wanaoisoma barua hii wana uwezo, bila kumsubiri mtu wa Dodoma, wa kuandika barua ya ukurasa mmoja ya kumtoa mhitimu huyo kwenye mzunguko wa wodi kwa miaka mitatu, kumpanga kwenye fani yake, na kukaa naye pamoja na daktari bingwa wa wodi hiyo waandike mambo matano anayoruhusiwa kuyafanya usiku bila kupiga simu. Nakala iwekwe kwenye faili lake la utumishi, nyingine ibandikwe ukutani ICU ili kila daktari mgeni wa zamu aione.

Wako,
Matroni mstaafu,
Kanda ya Ziwa